Dakika Moja kwa Siku

Mwika, 22 Januari 2023

Mdogo wangu Wenseslaus,

Tumsifu Yesu Kristo. Nakuandikia barua hii kwa mkono, mwanangu Stella ataipiga picha na kukutumia. Kwenye simu kila Jumapili unaniuliza hujambo, nakujibu sijambo, na tukishakata nakaa nikijiona mwongo.

Tangu Novemba vidole vyangu havikunjiki kabisa asubuhi. Naamka saa kumi na moja, nakaa kitandani nikivisugua mpaka saa moja, na bado siwezi kukamua ng'ombe. Jirani yetu Eunike ndiye anayekuja kunikamulia, anachukua nusu lita kwa ajili ya wajukuu wake. Kahawa ya msimu uliopita nusu yake iliangukia chini kwa sababu sikuweza kuichuma kwa wakati.

Daktari wa viungo kule Moshi anasema ni baridi yabisi, ile ya mwili kujishambulia wenyewe, wala siyo ya uzee. Amenipa vidonge vya kumeza Jumatatu tu, mara moja kwa wiki. Jumanne nzima natapika. Huu ni mwaka wa pili namtii, na mikono ndiyo hii.

Unaikumbuka mikono ya mama. Miezi ya mwisho tulimlisha mtori kwa kijiko kama mtoto. Siogopi kufa, Wenseslaus, ila hicho kijiko nakiogopa.

Jambo la pili. Hii ni Krismasi ya tatu hukuja. Ukoo wote ulikuwa hapa, na kila aliyeingia aliuliza mwenye kihamba yuko wapi. Wewe ndiye kitinda mimba, nyumba ya baba na shamba lake ni vyako, mimi navitunza tu tangu nilipoachana na mume wangu. Niliwaambia una kazi nyingi hospitalini. Krismasi ijayo sijui nitawaambia nini.

Wewe ni nesi. Huko Marekani wenye ugonjwa huu wanatibiwaje?

Dada yako,
Mektrida


Minneapolis, 12 Februari 2023

Dada Mektrida,

Shikamoo. Nisamehe kwa kuchapa barua hii kwa mashine, nimezoea hivyo. Na nisamehe kuhusu Krismasi. Kazi zimenibana kweli.

Huku wanatumia vidonge kama vyako, na wengine sindano za gharama kubwa. Lakini kuna jambo jipya. Kuna neva moja ndefu inayotoka kwenye ubongo, inashuka shingoni, inapita kwenye moyo mpaka tumboni. Inaitwa vagasi. Tawi lake moja dogo linafika hata sikioni. Wataalamu wamegundua kwamba neva hiyo inaongea na kinga ya mwili. Ujumbe wake unafika kwenye wengu, kile kiungo kilicho chini ya mbavu za kushoto, na chembe za kinga zilizopo pale zinapunguza kumwaga kemikali zile zinazovimbisha viungo.

Fikiria mfongo wetu, ule mfereji unaoleta maji shambani. Maji yakizidi yanafukua migomba, na ukiyafunga kabisa migomba inakauka. Kinachotakiwa ni mtu wa zamu kule juu kwenye banio, ayapunguze. Dawa nyingi zinapambana na maji yakiwa yameshafika shambani. Hii inampigia simu mtu wa zamu.

Kuna mtu mmoja hapa kazini, naye ana baridi yabisi. Amekubali kuingia kwenye utafiti. Watamwekea shingoni kijimashine kidogo, urefu wake kama kidonge kikubwa, kitakachoigusa neva hiyo kwa umeme hafifu, dakika moja tu kwa siku. Nitakuandikia anavyoendelea.

Msalimie Stella.

Mdogo wako,
Wenseslaus


Mwika, 9 Aprili 2023, Pasaka

Mdogo wangu,

Marahaba. Kristo amefufuka, na mimi nimefufuka kidogo.

Barua yako Stella aliichapisha karatasini mjini, nimeisoma mpaka imechanika pale inapokunjwa. Sikujua kama ndani ya shingo yangu kuna kitu kama hicho. Nikienda kukata majani ya ng'ombe naishika shingo nikiwaza kwamba pale chini ya kidole kuna njia inayokwenda mpaka tumboni.

Nimepata njia ya kujisaidia. Usiniulize sasa, nitakueleza nikishahakikisha. Nakwambia tu kwamba wiki hizi nalala, na juzi nilikamua mwenyewe chuchu mbili kabla mkono haujachoka. Na Jumanne sitapiki tena.

Yule mtu wako wa kazini wameshamwekea? Namtaja kwenye rozari kila jioni. Jina lake silijui, nasema tu yule mgonjwa wa Wenseslaus.

Mvua zimeanza vizuri.

Dada yako,
Mektrida


Minneapolis, 30 Aprili 2023

Dada,

Shikamoo. Nimefurahi mno kusikia unalala.

Walimwekea mwishoni mwa Februari. Kovu ni dogo, upande wa kushoto wa shingo. Anasema asubuhi ni nyepesi kuliko zamani. Wiki iliyopita alifungua mwenyewe chupa ya maji kazini. Nimeona kwa macho yangu, dada. Sikuwa na imani sana mwanzoni, lakini sasa naamini jambo hili litabadilisha maisha ya watu.

Endelea na hicho kinachokusaidia.

Wenseslaus


Moshi, 4 Juni 2023

Mjomba Wenseslaus,

Shikamoo. Mama hajui kama nakuandikia.

Jumatano Eunike alimkuta mama shambani ameketi chini kando ya mzigo wa majani, hawezi kuinuka. Magoti yamevimba, vifundo vya mikono vimevimba, ana homa. Tulimshusha Moshi kwa gari la parokia, amelazwa. Leo ni afadhali, usishtuke.

Daktari alimuuliza kama anameza vidonge vyake, mama akasema anameza. Niliporudi nyumbani kumchukulia khanga nikavikuta kwenye mkebe wa majani ya chai, vyote tangu Machi. Mimi nafanya kazi duka la dawa, mjomba, kila mwezi ni mimi ninayemletea. Nilivyokuwa nikimuuliza alikuwa ananijibu bila kupepesa macho.

Kando ya mkebe kulikuwa na kibanio cha sikioni chenye waya na betri. Kuna bwana mmoja anaitwa Filbert, ana duka hapa mjini, Njoro, anaviuza. Ukutani kwake ameandika kwamba kinaamsha neva na kuzima maumivu yote. Ndiye aliyemwambia mama kwamba vidonge vinazuia umeme usipite, aviache. Mama alikwenda na barua yako akamsomea pale ulipoandika kuhusu tawi la sikioni. Filbert akamwambia, "Mdogo wako anajua." Akaomba kuitolea nakala. Nimekwenda kuhakikisha mwenyewe jana. Ile aya yako ameibandika dukani.

Sikulaumu, mjomba. Nataka tu umwandikie, kwa sababu mimi akiniangalia nashindwa kumgombeza. Na nina swali. Huyo mtu wa kazini kwako ni nani? Mama anamwombea hata wodini, na hujawahi kututajia jina lake.

Stella


Minneapolis, 11 Juni 2023

Dada Mektrida,

Shikamoo. Stella ameniambia. Usimkasirikie.

Mtu wa kazini ni mimi.

Ugonjwa ulianza mwaka 2019 kwenye vifundo vya mikono. Mwaka uliofuata sikuweza tena kumgeuza mgonjwa kitandani, nikahamishiwa mezani, kwenye simu na karatasi. Barua nachapa kwa sababu kalamu inanitoka mkononi. Sikuja Krismasi zile tatu kwa sababu wanapokuja watu wa ukoo, kitinda mimba ndiye anayeshika kisu cha mbuzi na kugawa nyama. Nisingeweza kushika hata kikombe. Niliogopa uione mikono yangu umkumbuke mama, halafu uwe na wawili wa kuwalilia. Wewe ndiye uliyenipeleka shule, nikaona nimekuchosha vya kutosha.

Sasa sikiliza lililonipata, maana ndilo linalonifanya niandike leo.

Kwenye utafiti huu wote tunawekewa mashine, lakini kwa miezi mitatu ya kwanza nusu zinawashwa na nusu haziwashwi, na mgonjwa haambiwi yuko upande gani. Nilikuwa najua hivyo, nilisaini. Lakini nilipoanza kuona nafuu nilijua niko upande wa waliowashiwa. Ndiyo maana nilikuandikia vile mwezi wa nne. Ile chupa nilifungua mimi.

Tarehe mosi nilikwenda kliniki. Daktari akaniuliza najionaje, nikamweleza kwa furaha, asubuhi nyepesi, usingizi, chupa. Akanisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Wenseslaus, yako ilikuwa haijawashwa. Tunaiwasha leo."

Nilikaa kwenye gari saa nzima bila kuondoka. Nafuu ile niliihisi, dada, sikuigiza. Ilitokana na kutamani kwangu, na kuwa na mtu anayeniangalia kila wiki mbili, na pengine ugonjwa wenyewe ulikuwa umepumzika kidogo kama unavyofanya. Kwa hiyo siwezi kukucheka wewe na kibanio chako. Wapo watafiti wa kweli wanaochunguza njia ya sikio pia, lakini hakuna hata mmoja anayemwambia mgonjwa atupe dawa zake.

Na hapo ndipo nilipokukosea zaidi. Niliandika kuhusu neva, na wengu, na mfongo, nikajisikia mwalimu. Sikuandika kwamba mtu yule wa kazini hajaacha vidonge vyake hata wiki moja. Mimi nameza vilevile unavyomeza wewe. Laiti ningeandika sentensi hiyo moja.

Mwambie daktari ukweli. Mwambie na kuhusu kutapika. Dawa hiyohiyo ipo ya sindano, na kuna vidonge vingine vya kupunguza madhara yake. Tafadhali, dada.

Wenseslaus


Mwika, 2 Julai 2023

Wenseslaus,

Nimekaa na barua yako wiki tatu. Siku nne za kwanza nilikasirika hata Stella akaacha kuniongelesha. Sikukasirikia mashine. Nilikasirika kwamba nimemwombea mtu nisiyemjua miezi minne, kumbe ningeweza kukuombea wewe kwa jina lako. Na nilikasirika kwamba nimewadanganya watu wa ukoo kwa ajili yako Krismasi tatu, na sikujua nadanganya juu ya nini.

Halafu nikaukumbuka mkebe wangu wa majani ya chai, hasira ikaniisha.

Nimeshatoka hospitali. Daktari nilimwambia. Nilikuwa nimejiandaa kugombezwa, nimeinama kabisa. Akaniuliza tu, "Kwa nini hukuniambia unatapika?" Nikamjibu kwamba alionekana ana watu wengi nje. Akacheka kidogo, akasema ni kweli wapo wengi. Amenibadilishia dawa, sasa ni sindano, Stella ananichoma kila Jumatatu jioni. Jumanne nakula.

Nitakuambia jambo kuhusu kile kibanio, kwa sababu wewe umeniambia la chupa. Jioni nilikuwa nakivaa, nakaa barazani, sikio linachezacheza kama kuna sisimizi. Nilikuwa nasema moyoni, mwili wangu, tulia, hakuna adui hapa. Sijawahi kuuambia mwili wangu kitu kama hicho. Nilikuwa nautuma tu. Nadhani usingizi ulitoka huko. Maumivu hayakuondoka, niliacha kuyahesabu. Na magoti yalikuwa yanaharibika wakati huohuo nimelala.

Nilikwenda Njoro na Stella. Filbert alitukaribisha vizuri, akatuletea viti. Nikamwambia nimekuja kuchukua maneno ya mdogo wangu yaliyo ukutani. Akauliza kwani yana kosa gani, si ya kweli? Nikamwambia, "Ni ya kweli. Hayajaisha tu." Akayabandua mwenyewe. Kibanio nikamwachia mezani. Duka lake bado lipo, wala sijui kama nimemzuia kitu.

Desemba njoo. Kama huwezi kushika kisu utakaa kwenye kiti cha baba na mtu mwingine atashika. Sikuombi.

Dada yako,
Mektrida


Minneapolis, 8 Oktoba 2023

Dada Mektrida,

Shikamoo. Nimekata tiketi. Nitafika tarehe 19 Desemba.

Sasa nakueleza bila kupunguza wala kuongeza. Mashine inafanya kazi kila asubuhi saa mbili kasorobo, dakika moja. Dakika hiyo sauti yangu inakwaruza kama mwenye mafua, kwa sababu neva hiyo iko jirani na njia za sauti. Hapo ndipo nilipojua tofauti. Ile miezi mitatu ya kwanza sauti yangu haikuwahi kubadilika, na sikujiuliza kwa nini. Mara moja kwa wiki navaa kitu kama kola shingoni cha kuichaji.

Juni hakuna kitu. Julai hakuna kitu, nikakata tamaa kimyakimya. Mwishoni mwa Agosti uvimbe wa kifundo cha kulia ulipungua, safari hii hata vipimo vya damu vilisema hivyo. Sasa naweza kufunga vifungo vya shati. Vidole viwili vya kushoto vilishapinda, hivyo havitarudi. Vidonge nameza bado.

Kuna mama mmoja anaitwa Pamela, tulikuwa tunakutana naye kwenye kliniki hiyohiyo. Yake iliwashwa tangu siku ya kwanza. Haijamsaidia. Tulizoea kulinganisha mikono yetu pale tunaposubiri, na siku hizi naona haya kutoa yangu. Daktari anasema hawajui bado kwa nini kwa mmoja inafanya kazi na kwa mwingine haifanyi.

Uliniuliza kwenye simu kama itafika Moshi. Sijui. Si karibuni. Kilichopo Moshi ni ile sindano ya Jumatatu, na nimefurahi kwamba unachomwa.

Mdogo wako,
Wenseslaus


Mwika, 28 Januari 2024

Mdogo wangu,

Marahaba. Kwenye simu ulisema umefika salama na kwamba baridi ya huko imekukumbusha kwamba una mifupa. Hapa ni jua, mpaka maji ya mfongo wameyapangia zamu ya mchana.

Nataka kukuandikia yale ambayo sikuyasema ulipokuwa hapa, kwa sababu nyumba ilikuwa imejaa.

Nilipokuona ukishuka kwenye gari niliangalia mikono yako kwanza, kabla ya uso. Uliona, nikaona kwamba umeona. Nilikuwa nimejiandaa kulia. Lakini ulikuja ukashika yangu, tukasimama pale getini tunachunguzana vidole kama wanunuzi wa kahawa, ukasema changu cha kati kimenyooka kuliko chako. Nikacheka. Sikutegemea kucheka.

Siku ya mbuzi, ndugu yetu Melkior alishika kisu bila kuulizwa na mtu. Wewe uligawa nyama kwa mdomo, huyu hiki, yule kile, na kila mtu alipokea. Nililiogopa jambo hilo tangu Juni na limepita kama maji. Ile jioni ya Krismasi, huko kwenu ikiwa saa mbili kasorobo asubuhi, ulipokuwa unaongoza sala, sauti ikakukwama na kukwaruza, watoto wakakuangalia. Mimi na Stella tu ndio tuliojua ni nini. Dakika ikaisha, ukaendelea palepale ulipoachia. Baadaye ukawaeleza watu wa ukoo mwenyewe, mbele ya wote, ugonjwa wako na wangu. Binamu yetu Yohana akanifuata jikoni akaniuliza dalili zinaanzaje, kwa sababu binti yake naye vidole vinamkaza asubuhi. Wiki iliyopita amempeleka hospitali.

Kuhusu kihamba, ulisema nikitunze kama changu. Nimesikia. Tutalizungumza ukija tena, kuna migomba ya upande wa chini nataka kuing'oa nipande maparachichi.

Mimi naendelea. Asubuhi nakaa kitandani nusu saa badala ya saa mbili. Nakamua mwenyewe siku nyingi, siku nyingine Eunike anakuja. Sijapona.

Alhamisi nilikuwa kliniki. Kwenye benchi niliketi na mama mmoja kutoka Kahe, analima mpunga, anaitwa Rachel. Ni mara yake ya kwanza kufika pale. Mikono ameificha ndani ya khanga. Nilimwambia kuhusu sindano, na kwamba akitapika asinyamaze kama mimi. Akaniuliza kama ni kweli kuna mashine ya Marekani ya kuwekwa shingoni, amesikia redioni. Nikamwambia ni kweli, mdogo wangu anayo. Akauliza, "Imemponya?"

Nikamwambia imemsaidia, hajapona, na mwenzake ambaye aliwekewa ileile haikumsaidia. Akaniuliza yeye atakuwa kama nani.

Nikamwambia, "Sijui, mama."

Nilidhani atakata tamaa, lakini alisogea karibu, akaitoa mikono kwenye khanga akaiweka mapajani ili niione. Tukakaa hivyo mpaka jina lake likaitwa, nikamsaidia kuinuka.

Dada yako,
Mektrida